Nilivyochagua carte mère kwa kilo

Nimeaibika leo. Mchana kweupe, nimevaa shati jeupe na tai, mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, na huko nje bado nasikia watu wanacheka. Afadhali habari mzipate kutoka kwangu kabla mjomba wangu Tonton Bosco hajawafikia, maana yeye atatia chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Héritier wa Mangobo, yule wa video za harusi. Kompyuta yangu imezeeka. Naipa harusi moja iitengeneze, naenda sokoni kununua mboga ya pondu, nasalimia watu njiani, narudi, inaniambia imefika asilimia nane. Kuna bibi harusi alipokea video yake akiwa tayari na mtoto anayetambaa. (Yeye alikuwa mpole. Mume wake hakuwa.) Ndiyo maana niliamua kujenga mashine mpya, kubwa, yenye nguvu, kipande kwa kipande.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia wateja. Sababu yenyewe ni Kahindo, mchumba wangu. Papa yake yuko Butembo, na tangu vita viharibu barabara hajaweza kufika Kisangani. Kwa hiyo hapa mwenye kusema ndiyo au hapana ni mama yake, Mama Kavira. Mama Kavira ana duka la quincaillerie: makufuli, bawaba, misumari, fiche na prise za umeme, yaani plagi na soketi zake. Vita au hakuna vita, yeye mwenyewe anapanda lori kwenda Butembo kuleta mali. Siku ya kwanza nilipojitokeza kwake alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akauliza:

“Kazi yako ni nini?”

“Montage, Mama. Video.”

“Ile iko kazi, ao iko kucheza na ordinateur?”

“Iko kazi, Mama.”

“Bon. Siku moja utanionyesha.”

Kahindo alinieleza vizuri maana ya maneno hayo. Mama yake hatazami sura wala mdomo. Mpaka aone kwa macho yake kwamba najua kazi yangu, hakuna ndoa, hata nikija na askofu.

Basi nikaanza kukusanya vipande. Kila kimoja kilikuja na njia yake, kwa sababu siku hizi njia unayoizoea leo kesho imefungwa. Processeur, yaani ubongo wa kompyuta, ilitoka Kinshasa kwa ndege, ndani ya soksi ya binamu yangu. Boîtier, lile sanduku la chuma, lilipanda mto kwa boti, wiki nne, likafika linanuka samaki wa moshi. Kilichobaki ni carte mère, ule ubao mpana ambao vipande vingine vyote vinachomekwa juu yake. Bila huo huna kompyuta, una vyuma ndani ya chumba.

Na carte mère si kitu cha kuokota tu. Ni lazima ikubaliane na processeur, ikubaliane na kumbukumbu, ikubaliane na sanduku. Kwa wiki tatu nilikula mega zangu za intaneti na za jirani. Nilitazama Wahindi, nikatazama Wabrazili, nikatazama na Mrusi mmoja ambaye sikuelewa neno lake hata moja, ila alikuwa na uhakika sana. Mwishoni nikapata ile inayofaa. Nikaandika jina lake herufi kwa herufi kwenye karatasi ya daftari, nikampa Mama Kavira siku aliyopanda lori. (Ndiyo, nilimtuma mama mkwe. Yeye mwenyewe alisema: “Leta karatasi, nitaangalia kwa wale wanaleta bitu ya Kampala.” Msianze kunihukumu mapema.)

Mpaka hapo nilikuwa bado mtu mwenye akili.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Nilikuwa nganda, baa ya mtaani, nakunywa na wenzangu wanne. Nikaweka haut-parleur ili wote wasikie kwamba Mama Kavira ananipigia mimi.

“Héritier, niko mu magasin. Ile ya karatasi yako iko. Lakini iko na ingine. Muuzaji anasema ile ingine ndiyo mupya, na bei iko moja. Nichukue gani?”

Jibu lilikuwa fupi sana: Mama, chukua ya karatasi. Mtoto wa darasa la pili angelitoa. Lakini wenzangu walikuwa wamesimamisha chupa hewani, wanangoja kuona fundi anavyochagua. Kufuata karatasi mbele za watu kulionekana kama kazi ya karani.

Na hapo nikakumbuka makufuli. Wakati fulani nilimsaidia Mama Kavira dukani siku mbili tatu, ili anione nina mikono. Alinifundisha namna ya kujua kufuli ya kweli na ya kudanganya: unaiweka mkononi. Nzito ni original. Nyepesi ni ya kudanganya, inafunguka kwa kijiko. Mji mzima tunanunua hivyo, betri, pasi, bomba, hata simu. Nani kati yenu hajawahi kusimama sokoni anapima betri kwa mkono huku amefumba macho kama anayesali? Nikaona hapa naua ndege wawili kwa jiwe moja: naonyesha ufundi, na mama anajua kwamba mafundisho yake yaliniingia.

“Mama, pima mu mukono, vile ulinifundisha. Gani iko nzito?”

Kisha nikasikia kitu kinawekwa juu ya balance, mizani ya dukani. Mama Kavira akiona balance hahangaiki na mkono.

“Ya karatasi, na karton yake, kilo moja na kidogo. Ile ingine karibu kilo mbili.”

“Basi acha ya karatasi. Leta ya kilo mbili.”

“Uko sûr?”

“Mama, hii ndiyo kazi yangu.”

Wenzangu wakapiga meza. Mmoja aliagiza bia kwa heshima yangu. (Angenipiga kofi, leo ningekuwa na shati safi.)

Kurudi kwake kulichukua karibu mwezi. Lori lilisimama upande wa Mambasa siku nyingi, linangoja askari wa kusindikiza, na mtandao huko haukuwepo. Kahindo alikuwa anakula nusu ya sahani anasukuma. Mimi nilikuwa namwambia maneno ya kumtuliza, halafu nikirudi nyumbani nakaa kitandani na viatu. Sitanii hapa: niliogopa. Carte mère sikuiwaza hata mara moja.

Alhamisi akafika, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Mali yote ilikuwa ndani ya magunia, lakini karton yangu hakuitia kwenye gunia. Aliifunga kwa kitenge chake cha kanisani akaiweka juu ya magoti kutoka Butembo mpaka Kisangani. Kwenye kila barrière askari walipouliza ni nini, alisema ni sanamu ya Bikira Maria, wakapiga ishara ya msalaba wakamwachia. Jana alikwenda kuungama.

Basi leo ndiyo siku ya kuonyesha kazi. Mimi nilitaka watu watatu: mimi, Kahindo, mama yake. Lakini Tonton Bosco, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye atakayenisemea kwenye mambo ya ndoa, alisema haiwezekani. Kwetu kitu kipya ni lazima kinywewe bia, la sivyo hakidumu. Akaleta kreti mbili za bia, beseni la liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, kwanga ya muhogo, na bakuli la pilipili. Saa sita parcelle, yaani kiwanja chetu cha nyumba, ilikuwa imejaa. Kulikuwa na watu ambao mpaka sasa siwajui majina.

Mimi nilitokea na shati jeupe na tai. Mkononi nilikuwa nimejifunga waya wa shaba, ncha ya pili nimeifunga kwenye nondo ya dirisha. Ni mambo ya kitaalamu: mwili una umeme mdogo unaoweza kuunguza vipande, na waya unautoa. Wataalamu wana bangili ya kununua. Mimi nilikuwa na waya wa feni iliyokufa. (Nilifanana na mbuzi wa Noeli. Hilo niliambiwa baadaye, na watu wengi.)

Mama Kavira alikaa kiti cha mbele, mkoba juu ya magoti, miwani usoni. Kahindo alisimama nyuma yake, vidole amevisokota.

Tonton Bosco akasimama na chupa.

“Wapendwa, leo munaona ingénieur wetu. Huyu hakufundishwa na mutu. Hii kichwa tu. Mama Kavira, tazama vizuri mutoto tunakuletea.”

“Niko natazama,” alisema Mama Kavira.

Nikafungua karton. Jamani, ile carte mère ni nzuri. Nyeusi, pana, ina mabawa ya chuma pande mbili. Watu wakasema eeeh. Nikainyanyua juu kwa mikono miwili jinsi padri anavyonyanyua hostia, na badala ya kufanya kazi nikaanza kuhubiri. Niliwaeleza uzito. Niliwaeleza kwamba kitu chepesi ni cha kudanganya, na kwamba fundi wa kweli anachagua kwa mkono.

“Uzito hii yote munaona, ni qualité.”

“Qualité,” akaitikia Tonton Bosco, na parcelle nzima ikamfuata.

Nikachukua kipande cha kwanza, kumbukumbu, kile kijiti kirefu. Nikakiweka kwenye mfereji wake. Hakikuingia. Nikakigeuza. Hakikuingia. Kile kijiti kina pengo dogo katikati, na mfereji una kinundu kidogo, na hivyo viwili vilikuwa vimepishana kwa upana wa punje ya mchele.

“Hii tunaiweka mwisho,” nilisema, kwa sauti ya daktari.

Watu wakatikisa kichwa. Mama Kavira hakutikisa.

Nikaja kwenye processeur. Nikainua kile chuma kidogo cha kufungia, nikatoa kifuniko cheusi. Ndani, meno madogo ya dhahabu, mengi, yamesimama safu kwa safu. Nikaitoa processeur kwenye soksi, nikaigeuza. Chini yake, meno madogo ya dhahabu, mengi, yamesimama safu kwa safu.

Nitasema ukweli kwa sababu leo nimeshalipa: niliona palepale. Processeur yangu ni ya aina yenye meno, na carte mère yake inatakiwa kuwa na matundu. Ile ya karatasi ilikuwa na matundu. Ile ya kilo mbili ilitengenezwa kwa ajili ya processeur nyingine kabisa, isiyo na meno. Wale Wahindi walinieleza. Hata yule Mrusi nadhani alinieleza.

Lakini nina tai shingoni, na watu arobaini wananitazama.

“Voilà,” nikasema, nikaiweka.

Ikakaa juu, inacheza kama kigoda kwenye sakafu mbovu. Nikafikiri, labda nikibonyeza kidogo. Nikaweka kidole gumba.

“Usisukume.”

Mama Kavira alikuwa amesimama. Akaja mpaka mezani, akashusha miwani, akainama. Nyuma yangu nilimsikia Tonton Bosco anatafuna kwanga.

“Hii kidogo iko na meno?”

“Iko nayo, Mama.”

“Na hii nyumba yake, iko na meno vilevile?”

“Iko... iko nayo, Mama.”

“Donc meno juu ya meno.”

“Mama, iko na technique.”

“Technique gani? Héritier, mi nauza fiche na prise miaka kumi na tano. Fiche iko na meno, prise iko na matundu. Sijaona mutu anachomeka fiche mu fiche.”

Wa kwanza kucheka alikuwa Tonton Bosco. Msemaji wangu. Bia ilimtoka puani. Halafu parcelle nzima, halafu watu waliokuwa wanachungulia juu ya ukuta, halafu wale waliokuwa njiani wakaingia kuuliza kuna nini.

Nikasimama. Nikasema naenda kuchukua tournevis ya kufungulia skrubu. Mpango wangu ulikuwa kupita mlangoni na kutembea kwa miguu mpaka Bengamisa, nianze maisha mapya ya kulima mihogo. Nilipiga hatua tatu za haraka, zenye heshima. Ya nne sikuipata, kwa sababu waya. Dirisha lilinivuta, mguu ukateleza, na nikakaa, kitako chote, ndani ya beseni la liboke. Tai iliishia kwenye pilipili.

Hapo ndipo watu walianza kucheka kwa kweli.

Mama Kavira hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

“Kaa palepale,” aliniambia. “Ile siku mu téléphone ulisema ni kazi yako. Ulijua hii bitu mbili inapatana?”

“Mama, wewe ulinifundisha kufuli nzito...”

“Nilisema kufuli. Kufuli, kazi yake ni kuwa nzito. Nauliza tena. Ulijua?”

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na wote mzuri. Muuzaji alitudanganya. Kinshasa walinitumia processeur isiyo sahihi. Joto limepanua vyuma. Nikafungua mdomo kuchagua mmoja, nikakiona kile kitenge cha kanisani, kimekunjwa kwenye kona ya meza, bado kina vumbi la Mambasa. Aibu niliyoisikia hapo haikuwa ya shati wala ya samaki. Mwanamke huyu alikaa na kitu changu magotini mwezi mzima, mahali ambapo watu wanatekwa, kwa sababu mimi nilitaka wenzangu wanisikie.

“Hapana, Mama. Sikujua. Sikufuata hata karatasi. Nilitaka batu ya nganda wasikie mimi nachagua.”

Kahindo alifumba macho. Mimi nilijua nimekwisha.

Mama Kavira akavuta kiti, akakaa mbele yangu, yeye juu ya kiti, mimi juu ya samaki.

“Munajua njia ile sasa iko namna gani,” alisema, akiwageukia watu. “Iko chauffeur anasema, mi najua hii njia. Anaendesha tu. Ule, sipandi gari yake tena, na wale walipanda, bengine hawakufika. Iko mwingine, kila kijiji anashuka, anauliza. Jana walipita hapa? Daraja iko? Batu wanamucheka, wanamuita muoga. Mi niko hapa muzima sababu ya ule.”

Mtu mmoja aliweka chupa chini polepole.

“Sasa, Héritier. Kutoka leo, mutu akikuuliza kitu hujui, utasema nini?”

“Nitasema sijui, Mama.”

“Sema tena, tonton yako asikie.”

“Sijui.”

Nikasema mara ya tatu bila kuombwa, kwa sababu ilikuwa tamu ajabu, kama kuvua viatu vinavyobana.

“Bon. Tonton Bosco, dimanche ingine, leta wazee wenu kwangu. Nilikuwa naogopa huyu ni wa kujua yote.”

Kahindo alipiga kelele nadhani hata ng'ambo ya mto walisikia. Akina mama wakapiga vigelegele. Tonton Bosco akaanza hotuba ya kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo, lakini hakuna aliyemsikiliza. Na Mama Kavira, ambaye mpaka dakika hiyo uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu, alinitazama pale kwenye beseni, na waya wangu, na tai yangu, akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, mpaka ikabidi ashikwe, akawa anasema tu “fiche mu fiche, fiche mu fiche” na kujifuta macho.

Alipopumzika, akaifunga ile carte mère tena kwenye kitenge.

“Nitairudisha. Safari hii nabeba na hii kidogo ya meno, nitaijaribisha mimi mwenyewe mu magasin.”

“Mama, hapana. Safari hii naenda mimi.”

“Wewe? Unajua njia?”

“Sijui.”

“Ona. Umeanza kujifunza. Tutaenda na chauffeur muoga, wote wawili.”

Mashine haijawaka. Bia imekwisha, samaki wangu hakuna aliyetaka kuwala. Nilipofunguliwa kutoka dirishani, jirani mmoja alikuwa ameshaleta laptop yake imeharibika, akanipita mimi, fundi mwenye nyumba, akaenda kumwonyesha Mama Kavira. Alishusha miwani, akaichungulia pembeni, akasema prise yake imelegea. Nilipoiangalia kwa siri, ni kweli imelegea.

Sasa mmejua yote. Anayetaka kucheka acheke leo, amalize kabisa. Jumapili ijayo mnakaribishwa, nitakuwa na shati jingine, ila nawaomba mje mmefunga midomo. Meno niliyoyaona leo yananitosha.